Kabla Hujapakia Kinanda Kwenye Basi la Shinyanga

Kuna shule moja, jina nalihifadhi, yenye kinanda kizuri juu ya kabati la ofisi ya walimu. Kimefunikwa kitenge kisiingie vumbi. Siku kilipofika watoto walipangwa mistari uwanjani, mgeni rasmi akakabidhi, picha zikapigwa, wali ukapakuliwa. Kabla wali haujaisha sahanini, adapta ilitoa harufu ya kuungua, na tangu saa ile kinanda hakijalia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochanga kukinunua, kwa hiyo aibu ile ni yangu pia. Adapta ilitoka Marekani, ya volti 120. Soketi zetu zinatoa 230. Maandishi yalikuwa mgongoni mwake, madogo lakini yanasomeka. Hakuna aliyeyasoma.

Kila nikipita Ibadakuli nakumbuka kinanda kile. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga wasafiri wanaijua kwa uwanja wa ndege, na mafundi umeme wanaijua kwa kituo cha kupoza umeme, pale inapofikia njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Minara inapita juu ya mashamba ya pamba na mtama kama majitu yaliyoshikana mikono. Umeme wote ule, na sisi tulishindwa kuliza kinanda kimoja.

Nakuandikia wewe uliyesoma huku ukaondoka. Huenda uko Dar es Salaam, Mwanza, Kahama au kwenye machimbo ya Geita, huenda uko ng'ambo, na kikundi chenu cha waliomaliza darasa la saba pamoja kimeamua mwaka huu kisijenge choo wala kisinunue madawati, kisaidie muziki. Uamuzi mzuri. Ila usikimbilie dukani.

Fedha ya shule inakoishia

Tangu 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, shule ya msingi ya serikali inahesabiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na sekondari shilingi 25,000. Shule ya msingi yenye watoto 600 ina shilingi milioni 6 kwenye karatasi. Toa sehemu inayobaki juu kwa ajili ya vitabu, kisha weka chaki, karatasi za mitihani, bawaba za mlango, bati lililong'olewa na upepo wa Oktoba. Ukifika kwenye ngoma, mfuko mtupu. Mwalimu mkuu hana chuki na muziki. Ana mlango usiofungika.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeiweka Sanaa na Michezo miongoni mwa masomo ya shule ya msingi, na muziki umo ndani yake. Kwa hiyo mwalimu sasa ana kipindi kwenye ratiba, ana muhtasari wa somo mkononi, na mbele yake ana watoto 80 na mikono mitupu. Wengi wanafanya lile lililofanywa tangu zamani, yaani kupiga makofi na kuimba. Si haba. Lakini katika darasa la muziki lisilo na chombo watoto wachache wenye sauti huimba, na waliobaki husikiliza.

Uliza kwanza, na uulize maswali haya

Mpigie mwalimu mkuu, kisha fika mwenyewe au mtume mtu mnayemwamini. Usiulize "mnahitaji nini?" kwa sababu jibu utakalopata ni kinanda na spika kubwa. Ni haki yao kutaja hivyo: mahafali yanakuja, na kukodi muziki ni gharama. Uliza hivi: nani atafundisha? Chombo kitalala wapi usiku? Kikiharibika, fundi yuko wapi na nani atamlipa?

Swali la kwanza ndilo zito. Muulize mwalimu mkuu kama yupo kazini mtu aliyepitia Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa muziki na sanaa. Akikosekana, usikate tamaa. Uliza nani anafundisha kwaya kanisani Jumamosi jioni. Shinyanga ni mji wa kwaya. Makanisa ya AICT, Katoliki na mengineyo yamefundisha watu wengi kusoma do-re-mi kuliko shule zetu. Mara nyingi utakuta mwalimu wa hisabati, ambaye shuleni hakuna anayemjua kwa muziki, ndiye anayepanga sauti nne za kwaya mtaani kwake. Au mwalimu wa Kiswahili aliyelelewa kwenye kasida na anajua dufu tangu utoto. Mtu huyo ndiye wa kumwuliza orodha. Mwalimu mkuu atakutajia kitu cha kupokea. Yeye atakutajia kitu cha kufundishia.

Kama hakuna mtu kabisa, basi msaada wenu uanzie kwa mtu. Nitafika huko.

Swali la pili, la kulala, linadharauliwa sana. Vumbi la kiangazi huku huingia hata kwenye sanduku lililofungwa, na mchwa hawabagui mbao za bei ghali. Kabati la chuma lenye kufuli, lililopandishwa juu ya matofali na kusogezwa mbali na ukuta, linafaa kuja kabla ya chombo chochote. Halipendezi kwenye picha, nakubali.

Anzia kwenye ngoma

Usukumani ngoma ni mashindano tangu enzi za mababu. Pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, husemekana ziliasisiwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na mpaka leo mchezo wenyewe ni ule ule: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wenyewe wanahama kwa miguu. Ndiyo maana upande mmoja ukileta chatu, mwingine utatafuta kituko kipya mwakani. Ukitaka kuona hayo kabla hujanunua chochote, nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, wakati wa Bulabo mwezi Juni. Ndiko Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikoanzisha makumbusho ya Wasukuma na kuziingiza ngoma kanisani. Wamisionari wengine walikuwa wanazikimbia.

Ninasema haya kwa sababu moja ya kifedha. Kinanda chenu kikifika shuleni, kitakuwa na fundi mmoja mjini Mwanza na mwalimu mmoja ambaye anaweza kuhamishwa Januari. Ngoma ikifika, itakuta mtaa mzima wa walimu. Kuna babu ambaye alikuwa manju, kuna mama anayejua nyimbo za kulimia, kuna kijana aliyepigia kundi la bugobogobo kwenye sherehe za Nane Nane. Bugobogobo yenyewe, ngoma ya jembe, inataka ngoma, sauti na majembe, na majembe kila mtoto anayo nyumbani.

Kwa shule moja, seti ya kuanzia inatosha kuwa hivi: ngoma kubwa moja, za kati mbili, ndogo moja, manyanga ya vibuyu jozi nne au tano, njuga za miguuni za watoto kumi, filimbi moja ya kuongozea. Ukiweza ongeza zeze moja, kwa sababu watoto wengi wa mjini wamelisikia kwenye redio tu na hawajawahi kuona mkono unaolipiga. Vyote hivi vinatengenezwa na mafundi wa kanda hii. Fedha yenu inabaki huku, na siku kitu kikivunjika mtengenezaji yuko umbali wa baiskeli.

Kununua ngoma kuna ujanja wake, na hapa nitakawia kidogo.

Usinunue ngoma ya mti mbichi. Fundi mwenye haraka atakuuzia gogo lililochongwa wiki iliyopita, zito, linalonukia utomvu. Likikutana na kiangazi cha Shinyanga, kuanzia Juni mpaka Oktoba, litapasuka kama kisigino. Inyanyue: ngoma kavu ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Igonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Mti uliokauka unajibu kwa sauti kavu, mbichi unanung'unika. Chungulia ndani kwa tochi ya simu utafute ufa uliozibwa kwa nta au unga wa mbao na gundi.

Uliza pia mti umetoka wapi. Swali hili lina historia. Shinyanga ilikatwa miti mpaka ikaitwa jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho ya kufungwa ya kienyeji, mpaka miti ikarudi kwenye maelfu ya hekta. Miti iliyorudi ina wenyewe na ina taratibu. Fundi anayekujibu wazi kuhusu kibali cha kuvuna ni fundi wa kurudi kwake. Anayekwepa swali anaweza kuiponza shule.

Kisha ngozi. Ngozi inaisha. Mtoto anapiga, mvua ya Novemba inailegeza, jua la Julai linaikaza, siku moja inachanika. Huko si kuharibika, ni kazi. Kwa hiyo ukinunua ngoma nne, nunua siku hiyo hiyo na ngozi nne za akiba, zilizokaushwa juani bila chumvi, na mlipe fundi aje shuleni siku moja kuwaonyesha walimu wawili na wanafunzi wakubwa namna ya kuwamba. Siku hiyo moja ina thamani kuliko ngoma ya tano. Mkoa wenye ng'ombe wengi namna hii hauna sababu ya kuwa na ngoma iliyonyamaza kwa kukosa ngozi, lakini zipo, kwa sababu hakuna aliyefundishwa na hakuna aliyepewa shilingi elfu kadhaa za kwenda machinjioni.

Kumlipa manju

Sasa mtu niliyemwahirisha. Kama shule haina wa kufundisha, fedha ya kwanza iende kwa mzee mmoja wa kata ile anayejua, afike kila Ijumaa mchana kwa muhula mzima. Mkubaliane posho mapema, mbele ya mwalimu mkuu, kwa maandishi, na ilipwe kila mwezi bila kumfanya akumbushe. Mwende nyumbani kwake, msimwite ofisini. Mkifika asubuhi semeni mwangaluka, kaeni, mpokee mtakachopewa, ndipo mzungumze. Akitaka kujua watoto wataimba nini, msimpe nyimbo. Nyimbo ni zake. Mwalimu atakaa darasani pamoja naye, kwanza kwa sababu ya ulinzi wa watoto, ambao si jambo la kujadiliana, na pili kwa sababu mwalimu naye anatakiwa ajifunze ili mzee akichoka kazi isife.

Nimesikia hoja kwamba hii inawafungia watoto katika muziki wa kijijini, ilhali dunia inataka kompyuta. Sikubaliani nayo, ila sina ugomvi na kompyuta. Mtoto aliyeshika mapigo matatu yanayopishana ya ngoma tatu hapotezi njia akikutana na programu ya kutengeneza biti. Aliyeanza na programu peke yake ndiye hubaki anakopi.

Mkitaka vyombo vya ng'ambo

Kuna sababu nzuri za kuvitaka. Muziki ni somo linalofanyiwa mtihani sekondari kwa shule zinazolifundisha, na huwezi kumfundisha mtoto nota bila chombo chenye sauti thabiti. Ila kumbukeni kwamba chombo cha aina hii ni kama pikipiki: bei ya kununua ni mlango tu, gharama zenyewe zimo ndani.

Rekoda, ile filimbi ya plastiki, ndiyo nafuu na ngumu kuliko vyote. Ishirini zinatosha kufundishia darasa kwa zamu. Toeni na beseni, sabuni na brashi ndogo, maana zitapita midomo mingi.

Gitaa la nyuzi za nailoni liwekwe nyuzi za nailoni daima. Mtu mwenye nia njema akilifunga nyuzi za chuma, mvuto wake utapinda shingo na kung'oa daraja katika miezi michache. Liandikeni jambo hilo kwa kalamu isiyofutika ndani ya sanduku lake. Na gitaa moja liende na seti sita za nyuzi, si moja. Mkileta magitaa matatu na seti kumi na nane za nyuzi, mmeleta miaka mitatu ya masomo. Mkileta magitaa kumi bila nyuzi, mmeleta muhula mmoja na mapambo.

Fidla inataka ulimbo wa upinde, na inataka ukubwa unaolingana na mtoto. Fidla ya mtu mzima itamtesa mtoto wa darasa la nne mabega. Klarineti inataka ndimi za mwanzi, ambazo huisha kama chaki. (Klarineti nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, na mpingo unatoka hata kwetu, Kilwa mkoani Lindi. Mti wetu unasafiri Ulaya ukiwa vipande na kurudi kwa sanduku la mahameli kama msaada. Nimeshindwa kulicheka jambo hili kwa muda mrefu sasa.) Tarumbeta inataka mafuta ya valvu, na mafuta ya cherehani si mbadala mzuri.

Mkiona ninarudia rudia vitu vidogo, sikieni habari za Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha pale okestra ya waumini wa Kimbangu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, vyombo vikiwa vichache mno, watu wakipokezana fidla moja kwa zamu. Uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Okestra ile leo inajulikana duniani, na waya ule unasimuliwa kama ushujaa. Ni ushujaa kweli. Shinyanga nasi hatukosi baiskeli, lakini mtoto asilazimike kuwa shujaa kwa sababu mfadhili alisahau pakiti ya nyuzi inayoingia mfukoni.

Huko Nairobi, Ghetto Classics ya Korogocho, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge, ilianza na watoto wachache katika uwanja wa parokia jirani na dampo la Dandora, na imedumu mpaka waliokuwa wanafunzi wakawa walimu wa wadogo zao. Mimi jambo ninalolichukua kwao ni hilo la mwisho. Mwanafunzi wa darasa la sita anayejua kufunga uzi na kuwaonyesha wa darasa la nne ni fundi ambaye halmashauri haimlipi na haiwezi kumhamisha.

Kinanda, kwa wale wasiokanyika

Najua mtanunua tu. Basi someni mgongo wa adapta. Ikiandikwa 100–240V, ni salama. Ikiandikwa 120V peke yake, ibaki ilikotoka. Kisha angalieni volti inayotoka kwenda kwenye kinanda, mara nyingi 9 au 12, na alama ya jumlisha na toa kwenye ncha ya waya, kwa maana watengenezaji hawafanani na adapta ya kampuni moja inaweza kuua kinanda cha nyingine hata kama tundu linaingia vizuri. Nunueni adapta mbili. Chagueni kinanda kinachokubali pia betri za kawaida, kwa siku umeme unapokatika na kwa vyumba visivyo na soketi. Muulizeni mwalimu soketi ya karibu na darasa iko wapi. Msiridhike na "umeme upo". Kikiwa na funguo 61 kinatosha. Piano ya mbao msiifikirie kabisa: haipandi, haishuki, na kiangazi kitailegeza sauti kabla hamjapata wa kuirekebisha. Na ikiwa ni kuukuu sana, yenye funguo za pembe za ndovu, forodhani mtajibu maswali msiyoyapenda.

Kama fedha ni kidogo mno kwa yote hayo, kuna jambo ambalo sijaona likishindwa. Mchukueni fundi rangi, nunueni kopo moja dogo la rangi nyeupe, na mchoreeni mwalimu mistari mitano ya muziki ya kudumu kwenye nusu ya ubao. Ongezeni uma wa sauti, ule wa chuma unaotoa nota "la" ya hezi 440, na bunda la karatasi. Kwaya ya shule itaanza kila wimbo mahali pamoja, na mwalimu hatapoteza dakika kumi za kipindi akichora mistari iliyopinda.

Mzigo wa kutoka nje, na fedha za migodi

Walioko Ulaya na Marekani hupenda kukusanya vyombo vilivyotumika. Fanyeni hesabu kabla. Mzigo unashuka Dar es Salaam, unamtaka wakala wa forodha, unalipiwa ghala ukichelewa, kisha unasafiri takribani kilomita elfu moja mpaka Shinyanga. Msamaha wa kodi kwa misaada hauji wenyewe kwa sababu tu mna nia njema; unaombwa TRA kwa nyaraka, na mwombaji awe shule kupitia halmashauri, si mjomba wa mtu. Ombeni kabla meli haijaondoka. Mara nyingi mtagundua kwamba fedha ya usafiri peke yake ingenunua vyombo vipya Mwanza na kumlipa manju mwaka mzima. Kinachofaa kubebwa kwa begi la safari ni vile vidogo visivyopatikana huku kirahisi: ndimi za klarineti, ulimbo wa upinde, mafuta ya valvu, nyuzi za fidla.

Wengine wataniuliza kuhusu migodi. Tumezungukwa nayo, Mwadui upande wa Kishapu, Bulyanhulu upande wa Kahama, Geita magharibi. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri husika. Maneno ya kuyatazama ni hayo mawili ya mwisho. Ibadakuli iko Manispaa ya Shinyanga. Mpango wa mgodi wa Geita unakubaliwa Geita. Kwa hiyo kama shule yenu iko ndani ya halmashauri yenye mgodi, mlango wenu ni Afisa Elimu na Afisa Utamaduni wa halmashauri, miezi kadhaa kabla mpango haujafungwa, na ombi lenu liwe karatasi moja yenye idadi na bei. Kama iko Ibadakuli, msipoteze nauli. Tafuteni vijana wa kata waliokwenda machimboni wakapata. Hao hawahitaji mpango wa mwaka. Wanahitaji kuombwa na mtu aliyewafundisha.

Karatasi na kufuli

Barua ya nia iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata, na shule iipeleke kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi. Wahusishwe kabla ya sherehe, si siku ya sherehe. Andaeni hati ya makabidhiano inayotaja kila kitu kwa idadi na hali yake, mpaka ngozi za akiba na seti za nyuzi, isainiwe pande zote, na vitu viingizwe kwenye leja ya shule siku hiyo hiyo. Kisichoingia kwenye leja hakina mwenyewe. Pigeni namba ya shule kwa rangi kwenye kila chombo, mahali ambapo mwizi hawezi kukwangua bila kukiharibu. Majina ya wafadhili yakae kwenye hati. Nimeona ngoma iliyoandikwa jina la mtu kwa herufi kubwa kiasi kwamba nusu ya mtaa ilidhani ni ya kampeni.

Na kampeni zinakuja, harusi zinakuja, misiba inakuja. Spika na ngoma za shule zitaombwa. Kukataa kabisa ni kujitenga na jamii, na kuazimisha bila utaratibu ni kuviaga. Wekeni daftari la kuazima: jina, tarehe, hali ya chombo kikitoka, hali kikirudi, na mchango mdogo unaokwenda kwenye kibubu cha matengenezo. Walimu watawashukuru, maana sasa wana daftari la kulilaumu badala ya kumkatalia diwani uso kwa uso.

Kuhusu wakati: leteni vitu Januari au Februari. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na ya sekondari, huchezwa katikati ya mwaka, zikianzia ngazi ya shule na kata, na chombo kinachofika Mei kitakuwa cha kushangaa tu. Msilete Novemba, mitihani ikiwa mlangoni na darasa la saba limeshaondoka na vipaji vyake.

Mwaka wa pili gawanyeni michango tofauti na mlivyofanya wa kwanza. Msinunue chombo kipya hata kimoja. Nunueni ngozi, nyuzi, kufuli, posho ya manju, nauli ya watoto kwenda mashindano ya wilaya. Ni vigumu kuwachangisha watu kwa ajili ya kufuli, kwa hiyo nawashauri mkubaliane mwaka wa kwanza kabisa, fedha zote zikiwa mezani: sehemu moja kati ya tatu haitumiki sasa.

Kisha mrudi Oktoba bila kutoa taarifa kubwa. Ombeni kuona kabati. Hesabuni ngozi zilizochanika na nyuzi zilizokatika. Zikiwa nyingi, mpeni mwalimu mkono na mwulizeni anahitaji ngapi nyingine. Mkikuta ngoma zinang'aa kama zilivyotoka kwa fundi, ngozi za akiba zimekunjwa vile vile na kamba haijafunguliwa, ulizeni kwa upole ufunguo wa kabati anakaa nao nani.